Usimsafirishe kijana aliyemdhuru mtoto

Katika kazi yangu ya ustawi wa jamii hapa Mbeya nimeona wazazi wengi wakifanya jambo moja wakigundua kijana wao wa miaka 13 au 14 amemfanyia mtoto mdogo kitendo cha ngono. Wanampiga, kisha alfajiri wanampakia kwenye basi la Tunduma au Makambako, aende kwa mjomba. Huko kwa mjomba nako kuna watoto wadogo, na mjomba hajaambiwa kitu. Kama umeshafanya hivyo, mpigie leo umwambie ukweli wote.

Anza na mtoto aliyeumizwa. Mfikishe hospitali haraka, kabla saa 72 hazijapita, maana dawa za kumkinga na VVU zinategemea muda huo. Toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kikao cha ukoo cha kutozana faini hakimtibu yeyote.

Wengi wanaficha kwa kuogopa jela. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo, na kesi yake husikilizwa faragha katika Mahakama ya Watoto. Wapo wanaopelekwa shule ya maadilisho, yaani ya kurekebisha watoto waliotiwa hatiani, ile ya Irambo hapa Mbeya, lakini atakakokuwa baadaye ni nyumbani, na huko ndiko kazi iliko.

Na anabadilika. Mwaka 2016 mtafiti wa Marekani, Michael Caldwell, alikusanya tafiti 106 zenye vijana zaidi ya 33,000: waliorudia kosa la ngono hawakufika 5 kwa mia. Charles Borduin na wenzake kule Missouri nao walionyesha kwamba tiba inayowashirikisha wazazi, shule na marafiki inashinda ile ya kumketisha kijana ofisini na kumshauri peke yake.

Kwa bibi mmoja tuliandika mpango kwenye daftari, tumekaa jikoni. Nani analala wapi? Kijana alikuwa analala na wadogo zake. Akahamia sebuleni, wadogo wakaenda chumbani kwa bibi. Simu iliyokuwa na video chafu ikabaki mikononi mwa shangazi. Siku ya gulio, bibi akienda kuuza viazi, nani anabaki na watoto? Hapo tulikwama, mpaka shangazi akakubali kuwachukua. Kijana hakuachwa peke yake na mtoto mdogo hata kwa safari moja ya bombani. Shule aliendelea, mpira aliendelea, mtu mzima akijua yuko wapi.

Mazungumzo naye yanataka subira. Usimlazimishe atubu mbele ya ukoo. Atasema chochote ili mumwachie. Anayemshauri atamuuliza siku ile ilianzaje, alikuwa anawaza nini, mtoto alionyeshaje kwamba hataki. Wengine nao waliwahi kufanyiwa. Hilo litibiwe, ila lisimwondolee wajibu wa alichofanya. Wewe mzazi usimwite mbakaji, wala usikubali akisema walikuwa wanacheza.

Hujui pa kuanzia? Piga 116, simu ya watoto, ni bure, au nenda ofisi ya ustawi ya halmashauri yako. Nenda na mlezi anayeshinda na kijana nyumbani, kwa sababu maswali mengi tutamuuliza yeye.