Kabla ya kucheza michezo miwili, angalia kalenda kwanza

Wadogo zangu mnaouliza kama mtu anaweza kucheza michezo miwili kwa levo ya juu, anaweza, watu wamefanya, ila wengi mnaanzia kwenye kipaji wakati kitakachowakwamisha ni kalenda. Mi nimepiga judo na kukimbia mita 800 kwa miaka kadhaa, levo yangu haikuwa ya kutisha ila nimeumia vya kutosha kuwa na la kusema.

Kosa langu lilikuwa kuwaficha makocha. Wa judo alijua nakimbia "kidogo" kutafuta pumzi, wa mbio alijua judo nilishaacha. Basi Jumanne jioni niko kwenye tatami, ule mkeka wa judo, raundi nane, nimeng'ang'ania kola za watu mpaka vidole havikunji, Jumatano alfajiri niko uwanjani na mita 400 mara sita, na kila kocha kanipangia kazi ya mtu aliyelala siku nzima. Taimu zinazidi kuwa mbovu nashangaa kwa nini. Mwili haujui hii ni ya judo ile ni ya mbio, unajua umechoka basi. Ugoko ukaanza kuuma, nikajifanya sisikii, siku moja napasha tu nikashindwa kukanyaga, kumbe mfupa una ufa. Michezo yote miwili nikaitazama nikiwa kwenye benchi.

Niliporudi nikaandika wiki yangu nzima kwenye daftari moja nikawapelekea wote. Mmoja alikasirika akasema chagua. Mwingine akauliza tu, "siku gani unataka miguu iwe na nguvu?" Hapo ndo tukaanza kuweka kazi ngumu zote siku moja, mbio asubuhi judo jioni, ili kesho yake iwe mapumziko ya kweli. Wengi mnafanya kinyume, mnazitawanya mkidhani ndo mnajitunza, matokeo yake kila siku ni nusu ngumu na hamna siku mnayopona. Alafu uzito nao, mbio zilinikausha mpaka kwenye judo nikatoka daraja la uzito la chini ya kilo 73 nikaingia la chini ya 66, na huko wapinzani wana kasi balaa, jipangeni.

Mfano wangu siku zote ni Ester Ledecká wa Czech. Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang, Korea Kusini, 2018, tarehe 17 Februari alishinda super-G, mbio za kuteremka mlima wa theluji kwa skii, akianza namba 26, kwa tofauti ya sekunde 0.01 tu, akabaki anaukodolea ubao kama umekosea. Wiki moja baadaye, tarehe 24, akachukua dhahabu nyingine kwenye snoubodi, kuteleza kwenye theluji kwa ubao mmoja. Watu wanaona miujiza, mi naona ile wiki moja katikati. Manake Olimpiki ya 2026 kule Italia mbio za kushuka za skii na snoubodi ziliwekwa siku moja, kipaji ni kilekile ila ikabidi achague, akaenda snoubodi.

Bo Jackson wa Marekani naye alikuwa anamaliza kwanza msimu wa besiboli ndo anaenda kwenye futiboli ya Kimarekani, hivyo huko hakuwahi kucheza msimu mzima hata mmoja, na bado alikuwa moto. Ila nyonga aliyoumia akicheza futiboli Januari 1991 ilimmaliza huko na kuivuruga besiboli pia, akarudi 1993 akiwa na nyonga ya bandia. Akiba ya mwili ni moja, ukiifuja huku unadaiwa kule.

Kwa hiyo ratiba zikitoka ziweke mbili pembeni kwa pembeni, zungushia zinapogongana, na useme mapema. Mwaka wangu wa mwisho mashindano yaliangukia wikiendi moja, nikaamua kukimbia, kocha wa judo nikamwambia wiki sita kabla. Alinuna kama wiki hivi, ila alipata wa kuziba nafasi yangu.