Mdogo wangu ana shaka: je, ndiye mkanamungu?

SWALI: Assalamu alaikum, Sheikh. Mdogo wangu wa kiume anasoma chuo kikuu Nairobi. Tangu mtoto wa dada yetu afariki akiwa na siku tisa, ameacha kuswali, na alipokuja Mombasa likizoni alisema mbele ya watu kwamba hajui tena kama Mungu yupo. Ami yetu amemwita mulhidi, yaani mkanamungu, na kutukataza kula naye. Mkanamungu hasa ni nani, nasi tumfanyeje?

JIBU: Wa alaikumus-salaam warahmatullah. Mwenyezi Mungu amjaalie mtoto huyo kuwa akiba kwa wazazi wake. Nimelitanguliza swali lako kwa sababu neno hilo siku hizi linarushwa majumbani kama jiwe, na anayelirusha mara nyingi hajui uzito wake.

Mkanamungu ni mtu aliyekata shauri kwamba hakuna Muumba, akatua hapo. Hawa hawakuletwa na intaneti. Suratul Jaathiya, aya ya 24, inawataja waliosema kuwa hakuna ila uhai huu wa dunia na kwamba hakiwaangamizi ila dahari, yaani kupita kwa zama, kisha ikawajibu kuwa hawana elimu ya hilo, wanadhani tu. Wala kila asiye na dini si mkanamungu: sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini, lakini mtu aweza kuwa haendi msikitini wala kanisani na bado akamwomba Mungu mvua.

Ama kauli ya ami yenu, kwamba aliyetamka shaka amekwisha kutoka katika dini na hakuna haja ya kumsikiliza, hiyo siikubali, na nasema hivyo nikiichunga heshima yake. Maswahaba walimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamwambia kwamba wanaona nafsini mwao mambo ambayo ni mazito mno kuyatamka. Naye, kama alivyopokea Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi, akawaambia kuwa hiyo ndiyo imani iliyo wazi, kwa maana ya kwamba moyo unaoumizwa na wasiwasi ni moyo ulio hai. Ami ataniambia kuwa wao hawakutamka, na huyu ametamka. Ni kweli, na sitakuficha: kubaki katika shaka juu ya kuwapo kwa Mola kwa kuridhika nayo ni ukafiri, na kuacha swala ni dhambi kubwa. Lakini kusema kwamba kauli fulani ni ya ukafiri ni jambo moja, na kumhukumu fulani bin fulani kuwa ni kafiri ni jambo jingine, lenye masharti yake, nalo halikatwi sebuleni na mtu aliyekasirika. Je, alikusudia alichosema? Aliulizwa? Alifafanuliwa? Swahaba Usama bin Zayd alimuua mtu vitani baada ya mtu huyo kutamka shahada, akidhani ameisema kwa hofu ya silaha, na Mtume akamuuliza kama aliupasua moyo wake akajua. Na amwitaye nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Ami yenu na ajiulize kama yuko tayari kulibeba.

Nilivyoisoma barua yako, sioni falsafa ndani yake. Naona kaburi dogo. Kijana amezika mtoto wa dada yake, na pengine wote waliomzunguka walimwambia asubiri kabla hajamaliza kulia, ilhali Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim na akasema kuwa jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika. Hoja zina siku yake. Jubayr bin Mut'im, kabla hajasilimu, aliisikia Suratut Tur ikisomwa katika swala ya Magharibi, pale inapouliza kama watu wameumbwa pasipo kitu chochote au wao ndio waumbaji, akasema moyo wake ulikaribia kuruka. Hakuna aliyembishia siku ile, alisomewa tu.

Basi kuleni naye. Msimvizie kwa mawaidha sinia ikiwa mezani, wala msimlazimishe kujifanya anaamini. Mama yenu na azidi kumpigia simu, na dada yenu, akiweza, azungumze naye juu ya mtoto, kwa kuwa nadhani hakuna aliyethubutu kulitaja jina lake tangu siku ile. Akitaka kuniuliza lolote, aje baada ya Isha, peke yake, bila ami.