Jibu kwa dada wa Makambako: damu iliganda mapafuni, nimeruhusiwa, ila hofu haiishi

Pole sana mdogo wangu. Nimesoma yote uliyoandika, kwamba damu iliganda mguuni kipande kikapanda mapafuni, umelazwa, umeruhusiwa, vipimo vinasema unaendelea vizuri, lakini usiku unashtuka moyo unadunda, pumzi unaona kama inakata, na mumeo anakwambia daktari si kasema umepona sasa unaogopa nini. Mi yalinikuta haya haya baada ya kujifungua kwa operesheni hapa Mbeya, kwahiyo ntakujibu kirefu, univumilie.

Kwanza kabisa hiyo hofu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Sio kwamba huna imani, sio kwamba unadeka. Na huu ugonjwa una ubaya wake ambao magonjwa mengine hayana: mtu aliyevunjika mkono akiogopa, mkono haumuumi kwa sababu kaogopa, ila sisi tukiogopa tu tayari tunazo dalili zote, moyo kwenda mbio, pumzi fupi, jasho, kifua kubana, kizunguzungu. Sasa mwili utajuaje kama ni hofu au ni bonge lingine la damu? Ndo maana unaogopa, af hofu inaleta dalili, dalili zinakuongezea hofu, mpaka kunakucha. Mumeo hawezi kuliona hilo kwa macho, mwambie asome hapa.

Mimi ulianza mguu wa kushoto, siku chache baada ya kutoka wodini. Ukavimba, mzito, wa moto, ngozi imevutika inang'aa. Kuna zahanati nilipita nikaambiwa ni uchovu wa uzazi nikapewa diklofenaki. Nyumbani nako maneno, wengine wanasema ni kawaida nikandwe maji ya moto, wengine wanasema nimekanyaga kitu, na kweli akaletwa bibi wa kunichanja chale. Mama mkwe wangu ndo alisimama mlangoni akasema, "Mguu unaopanda kila siku hauchanjwi wala haukandwi, huyu anaenda hospitali kubwa leo hii." Mungu ambariki yule mama. Maana mguu wenye bonge ukiukanda unaweza kulisukuma likatembea, na ukichanjwa halafu ukaanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda, hayo majeraha yanaweza kutoka damu isiyokatika. Ultrasaundi ya mishipa ikaonyesha, CT skani ya kifua nayo ikaonyesha, nikaanza sindano za heparini za tumboni na vidonge vya warfarini.

Sasa tuje kwenye kilichonirudishia usingizi.

Kwanza kilikuwa ni kueleweshwa dawa inafanya kazi gani. Nilidhani dawa inayeyusha bonge, kwahiyo kila nikisikia kifua kinachoma nawaza basi dawa imegoma. Daktari mmoja kijana akageuza karatasi ya majibu akanichorea mapafu kwa nyuma, akaniambia hivi vidonge havilivunji bonge, vinalizuia lisikue na mengine yasitengenezeke, halafu mwili wenyewe ndo unalila taratibu, wiki hata miezi. Kwahiyo mtu anaweza kubaki na maumivu ya kifua, kuchoka, kuishiwa pumzi kwenye ngazi, na bado anapona. Ile karatasi nilikaa nayo ndani ya Biblia muda mrefu.

Pili ni mpango. Kaeni wewe na mumeo mchana, mmetulia, muandike kwenye karatasi: dalili zipi tukiziona hatujadili tunaondoka. Ya kwetu ilikuwa hivi, pumzi kukata ghafla na isirudi hata nikikaa nimetulia, maumivu makali ya kifua yanayozidi nikivuta hewa, kukohoa damu, kuzimia, mguu mmoja kuanza kuvimba upya. Na upande wa dawa, choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu ya pua au fizi isiyokata, kuanguka na kugonga kichwa hata kama hauumwi, kichwa kuuma vibaya ghafla. Chini yake namba ya dereva wa bajaji anayekubali kuamka usiku, nani anabaki na mtoto, na hela ya dharura imewekwa wapi. Tulibandika kwenye mlango wa kabati. Faida yake ni kwamba usiku hubishani tena na nafsi yako, unasoma karatasi, kama dalili ipo unaondoka, kama haipo unashughulika na hofu kama hofu. Na ukishindwa kutofautisha, nenda tu. Serena Williams yule mcheza tenisi alijifungua kwa operesheni Septemba 2017, akaishiwa pumzi, na kwa kuwa alishawahi kupata bonge la mapafu mwaka 2011 akashuku limerudi, akawaambia wahudumu anataka CT na heparini, na kweli walipopima wakayakuta mabonge. Kwahiyo usikubali mtu akuzoeze kunyamaza.

Hofu yenyewe ikija, jua inapanda kwa kasi, kilele chake ni ndani ya dakika kama kumi hivi, halafu inaanza kushuka hata usipofanya kitu. Mimi nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda, nashusha miguu mpaka iguse saruji, na ule mwezi wa sita wa Mbeya unaujua saruji inavyokuwa, ubaridi unapanda mpaka magotini, unakurudisha chumbani hapo hapo. Halafu navuta hewa kwa pua nikihesabu nne, naitoa polepole kwa mdomo nikihesabu sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, hapo ndo moyo unapotulia. Ukivuta haraka haraka ukidhani unatafuta hewa ndo vidole vinakufa ganzi na kizunguzungu kinazidi, utajua unakufa kumbe ni upumuaji tu.

Umeuliza kuhusu oksimita ya kidoleni, kile kimashine cha kupima oksijeni kwenye damu. Inasaidia ila ina mtego wake. Kuna mwenzetu wa kliniki alikuwa hailazi chini, anapima kila akigeuka, akiona 93 anaamsha nyumba nzima. Nesi akamshika mkono akamwambia, vidole vyako vya baridi na una hina kucha zote, hii mashine itakudanganya. Pasha vidole joto kwanza, kidole kisiwe na hina wala rangi ya kucha, subiri namba itulie ndo usome. Asubuhi na jioni basi, unaandika. Na huku kwetu juu, Mbeya tupo kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, usishangae namba yako kuwa chini kidogo kuliko ya dada yako wa Dar, uliza daktari ya kwako wewe ianzie ngapi ndo uwe na wasiwasi.

Mguu nao usiushike shike kutwa. Chukua futi ya fundi cherehani, shuka sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa chini ya goti, weka alama ya kalamu, zungusha miguu yote miwili, andika. Mara moja kwa wiki inatosha. Wenye kujua wanaangalia kama mguu mbovu umezidi mwenzake kwa sentimita 3 au zaidi, na hasa kama unaongezeka. Wa kwangu ulibaki mnene kidogo na jioni unakuwa mzito, hilo hutokea kwa wengi kwa sababu vile vilango vya ndani ya mshipa vinavyozuia damu isirudi chini vimeharibika, nakaa nimeuinua kwenye stuli, siogopi tena.

Halafu tembea. Hakuna maneno yaliyonituliza kama kutembea. Nilianza hapa hapa Mafiati kwenye tambarare, nyumba mpaka duka la pili, nikazidisha kidogo kidogo, baadae nikaanza kupanda kuelekea Isanga. Kwenye mlima lazima uheme, kila mtu anahema, ila sasa unaona unasimama, unahema, inatulia, unaendelea. Mwili unajionea wenyewe kwamba kuhema sio kufa, na hilo hakuna mtu anaweza kukuambia ukaamini mpaka ulipitie. Muulize daktari wako uanze na kiasi gani.

Chakula, kama upo kwenye warfarini, sikiliza vizuri maana hapa watu wanaogopeshwa bure. Mboga za majani, kisamvu, majani ya maboga, chainizi, zina vitamini K ambayo inapingana na dawa. Hujakatazwa kula, kinachotakiwa ni kiasi kisiyumbe. Sio wiki hii unakula ugali na nyama tu, wiki ijayo msimu wa parachichi umefika unakula kutwa mara tatu, hapo INR, kile kipimo cha damu yako inavyochelewa kuganda, itacheza na wewe utaingia hofu. Wengi wetu inatakiwa ikae kati ya 2 na 3, kadi yako itakuonyesha. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini usijinunulie, ukiumwa kichwa paracetamol. Flajili na septrini nazo zinaipandisha INR, kwahiyo ukiingia duka la dawa sema mapema upo kwenye warfarini. Na dawa za mizizi, hata kama ni za mama mzazi, acha kwanza.

Kuhusu maombi, mi ni Mmoravian na niliombewa na kanisa zima, naamini kabisa. Ila mchungaji wetu alisema wazi, dawa umeze mpaka daktari aseme basi. Shikilia hapo.

Lile la mimba ulilogusia kwa haraka nadhani ndo linakunyima usingizi kuliko ulivyoandika, hata mimi lilininyima. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwahiyo usishike mimba ukiwa unaimeza, na ikitokea wahi hospitali utabadilishiwa sindano za heparini ambazo hazivuki kwenda kwa mtoto. Uzazi wa mpango usichukue vile vidonge vya mchanganyiko vyenye estrojeni, ongea nao kuhusu kitanzi au kijiti. Ukijaaliwa kubeba tena, siku ya kwanza tu kliniki sema historia yako ili wakupangie kinga ya damu isigande wakati wa ujauzito na zile wiki sita za baada ya kujifungua, ndo za hatari zaidi. Kunyonyesha nilinyonyesha na warfarini yangu bila tatizo, ila kama wewe umepewa hivi vidonge vipya kama rivaroksabani uliza kabla.

Safari ya basi kwenda Dar kwenye harusi, mi ningesubiri daktari aseme sawa. Kutoka hapo Makambako ni kilomita zaidi ya 600 umekaa. Nilipokuja kusafiri nilichukua siti ya pembeni ya korido, soksi za kubana nilizopimiwa, nachezesha vifundo vya miguu, gari likisimama nashuka natembea hata kama sina shida ya kuchimba dawa. Na maji nikanywa, hii tabia yetu ya kukaa na kiu kutwa ili tusisumbue dereva haitufai.

Kama wiki zinapita na bado huli, hulali, unaogopa hata kubaki peke yako na mtoto, usijikaze. Hospitali za rufaa zina kitengo cha afya ya akili, mimi nilienda, niliongea na mama mmoja mtulivu sana mara kadhaa, na nililia pale kuliko nilivyolia wodini. Wakitaka kukuandikia dawa ya wasiwasi wakumbushe upo kwenye dawa ya damu, maana baadhi zinaongeza hatari ya kutoka damu.

Sasa niambie umepewa dawa gani hasa, warfarini au hizo mpya, na tarehe yako ya kliniki ni lini. Na mwambie daktari akuandikie kwenye kadi ni miezi mingapi utameza na kwa sababu gani. Wengi wetu tuliopata kwa sababu inayojulikana kama uzazi au operesheni huanzia miezi mitatu, lakini ya kwako aseme yeye. Namba ya yule dereva wa bajaji itafuteni leo leo.