Jibu: Kugeuza shairi la Eglė kuwa mchezo wa redio

Ndugu, nimekuelewa: una tafsiri ya "Eglė, malkia wa nyoka", shairi la mshairi wa Lithuania Salomėja Nėris la 1940, na kila ukijaribu kulifanya mchezo wa redio, msimulizi ndiye anaongea mwanzo mwisho.

Mpunguze. Ngano yenyewe ya Walithuania imejaa sauti. Kaka zake Eglė wanamtisha binti yake mdogo, Drebulė, mpaka anataja jina la baba. Wanamwita Žilvinas, mume wa Eglė na mfalme wa nyoka, ufukweni, anatokea, wanamuua kwa miundu. Jiwe la kunolea lisikike likikwaruza chuma kabla msikilizaji hajajua kinachonolewa ni cha nini. Wito wa ufukweni (kama u hai, povu la maziwa, kama umekufa, povu la damu) uusikilizishe mara mbili: kwanza vinywani mwa wauaji, kisha kinywani mwa mke. Maneno yaleyale.

Kikwazo ni povu, maana rangi haisikiki. Mie ningemwachia mtoto: "Mama, mbona maji mekundu?" Halafu kimya. Muziki usiweke hapo, tafadhali.

Vina visikusumbue, mwigizaji akifuata mizani tupu anasikika kama anakariri darasani.

Kuhusu hakimiliki: Nėris alifariki 1945, na Umoja wa Ulaya hulinda kazi miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo shairi ni huru kutumika huko. Tafsiri uliyo nayo huenda isiwe huru. Pata kibali cha mfasiri kwa maandishi kabla ya kurekodi, na kama utauza, muone wakili wa hakimiliki.