Usimpe hela huyo wakili wa wosia kabla hujasoma hapa

Mkuu hiyo laki moja usiitoe. Unasema umepata "wakili" nje ya mahakama hapo Morogoro, anamwandikia mzee wako wosia siku hiyo hiyo, unauliza kama bei iko poa na kama mzee agawe viwanja sasa hivi akiwa hai. Mi nilipofika kwenye "siku hiyo hiyo" jasho likaanza kunitoka.

2017 mimi na mzee wangu tulikaa kwenye benchi la steshenari, jamaa ana tai nyekundu imeshuka mpaka kwenye zipu, kila sentensi "kwa mujibu wa sheria", yani hata chai aliagiza kwa mujibu wa sheria. Mzee akasema nyumba nipate mimi, wadogo zangu mashamba. Jamaa akanigeukia, "wewe kijana ndo mkubwa, saini hapa, shahidi mzuri ni wa damu". Nikasaini kwa madaha kama waziri. Shahidi wa pili dogo wa fotokopi. Muhuri wa bluu kwaa, bahasha ya kaki, tukaenda kula nyama choma.

Mzee akafariki 2021, baba mdogo akaweka pingamizi mahakama ya mwanzo. Hakimu akaigeuza ile karatasi mara mbili, akauliza shahidi wa kwanza ni nani, nikanyoosha mkono. "Na humu umeachiwa nini?" Nyumba mheshimiwa. Watu walicheka mpaka karani. Kumbe kwa sheria za kimila mrithi hatakiwi kuwa shahidi labda warithi wote wawepo, na wadogo zangu siku ile walikuwa shule. Hapo bado muhuri, jina lililo kwenye muhuri kwenye orodha ya mawakili halipo kabisa. Kishoka, wakili feki! Wosia ukatupwa, mirathi ikaenda kama vile mzee hakuandika kitu, miaka miwili ya nauli na tarehe kusogezwa, mwisho nyumba ikauzwa watu wakagawana. Baba mdogo na mimi mpaka leo msibani kila mtu na turubai lake. Nilirudi kumtafuta yule mshenzi, pale kwenye meza yake wanauza vocha.

Sasa sikia, kabla ya shilingi yoyote muulize namba yake ya roll, yani ya usajili wa uwakili, ingia e-Wakili, ule mfumo wa mtandaoni wa Mahakama wenye orodha ya mawakili, hapo hapo mbele yake, andika jina, angalia kama yupo na kama leseni ya mwaka huu ameihuisha. Wakili wa kweli atakusubiri tu. Akianza "kwani huniamini?" nyanyuka, chai yake alipe mwenyewe. Hata kama ni shemeji yako, hata kama kavaa joho, jina kwanza. Ukishindwa kabisa nenda RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wosia wanaandika na kutunza.

Lile la mzee kugawa viwanja akiwa hai sijaligusa, nina hasira. Liangalie jina la huyo wakili wako halafu urudi hapa utuambie umekuta nini.