Kabla hujalipia kozi ya lori, omba kwanza uonyeshwe trela

Ndugu uliyeuliza, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema uko Umoja, miaka 26, umeendesha Probox ya kusambaza mikate miaka minne na laisensi ya B (ya gari ndogo), umeweka akiba elfu 80 na sasa unataka kuingia kwa malori, ila hujui kama umalizie pesa yote kwa shule ya udereva, ama uende kwa ile kampuni inayosema itakufunza bure ukisaini miaka mitatu, ama uingie utingo tu ufunzwe barabarani vile wazee walifunzwa. Mimi niko kwa trela mwaka wa tisa sasa, natoa Mombasa napitia Nairobi mpaka Malaba, saa zingine nateremka hadi Kampala. Wacha nikwambie vile naona.

Kitakachokufanya dereva ni masaa umekaa kwa usukani gari ikiwa na mzigo, na mtu anayejua kazi amekaa kando yako anakurekebisha. Hayo masaa ndiyo unanunua na hiyo elfu 80. Kila njia uliyotaja ipime hapo.

Mimi nilisoma 2013, enzi za BCE, kozi moja inakupeleka gari ndogo na lori kwa mpigo. Shule sitaitaja. Nililipa na pesa ya ng'ombe aliyeuzwa nyumbani, nikapewa masomo 20, na kati ya hayo lori nilishika mara 6 pekee, lori fupi, tupu, tunazunguka estate moja ile ile na wanafunzi wanne wamebanana nyuma wakingoja zamu. Siku ya testi nikasukuma kale kagari ka kuchezea kwa bodi iliyochorwa barabara za mji, nikataja alama za barabarani, nikaendesha kidogo, nikapita. Karatasi ikasema naweza kuendesha lori kubwa. Wiki tatu baadaye nikaitwa interviu kwa yadi moja Mombasa Road, wakanionyesha trela ya futi 40 wakasema irudishe iingie katikati ya hizo mbili pale. Nilikuwa sijawahi kurudisha trela hata siku moja maishani. Nilivunja taa ya gari ya kushoto, wakaniambia nishuke, nikalipishwa taa. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mwenye ile shule alijua hana trela na hatatufunza trela, na kwa ukuta wake nje alikuwa amechorwa trela kubwa nyekundu.

Baada ya hapo niliingia utingo miezi 14 na mzee mmoja wa Voi, na huyo ndiye alinifunza. Nikupe mfano wa kuunga trela, kwa sababu hapo ndio utajua kama mtu amefunzwa ama amepitishwa tu. Unarudisha kichwa polepole mpaka unasikia kingpini, ile pini nene iliyo chini ya trela, imeingia kwa sahani ya kichwa, inalia kla. Wengi wakisikia hiyo kla wanashuka wanaanza kupandisha miguu ya trela. Mzee alikuwa ananipa tochi, nalala chini kwa hiyo grisi na vumbi naangalia kama taya limeshika shingo ya kingpini vizuri, halafu narudi ndani, breki ya trela ikiwa bado imefunga, natia gia ya chini navuta mbele kidogo. Ikikataa kuachana ndio naunga mipira ya upepo na waya wa taa, ndio napandisha miguu. Kila siku, hata mvua ikinyesha, hata tukiwa tumechelewa foleni ya bandari. Nimeona trela imeangukia magoti yake katikati ya barabara pale Emali na dereva amesimama kando ameshika kichwa, na najua ni ile dakika mbili ya tochi aliruka.

Kurivasi nayo alinifunza Jumapili pale Mlolongo, yadi ikiwa wazi, ameweka tairi mbili kuukuu kama mlango. Akaniambia shika usukani chini kabisa, usiache, upande mkono wako unaenda ndio mkia wa trela unaenda. Zungusha kidogo, ngoja, trela inajibu pole pole, ukizungusha nyingi inajikunja. Na ukipoteza kuona kwa kioo simama, shuka, uzunguke uangalie, hakuna mtu amewahi kufutwa kazi kwa kushuka kuangalia. Nilirudisha hiyo trela kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Hayo masaa manne yalinifaa kuliko yale masomo 20 yote.

Sasa kuteremka. Hii ndio sababu nakuandikia kirefu, juu hakuna shule itakufunza hii na lori tupu. Gari ya ekseli 6 inaruhusiwa kwa mizani tani 50, gari na mzigo pamoja, 8 za mbele, 18 za ekseli mbili za kichwa, 24 za ekseli tatu za trela. Mara ya kwanza mzee kunipa usukani na mzigo kamili ilikuwa kutoka Rironi kuteremka Mai Mahiu. Alinisimamisha juu kabisa kabla mteremko uanze, akasema chagua gia hapa, ile ungepandia nayo ndio utateremkia nayo, ukishaanza kuteremka hautapata nafasi ya kubadilisha. Nikaweka, nikawasha egzosti breki, ile inayotumia injini kupunguza mwendo, tukaanza. Mguu wangu ulitaka kukaa kwa breki wakati wote. Akanigonga goti, akasema finya mpaka mwendo ushuke kisha uachilie zipoe, ukikanyaga kidogo kidogo bila kuachilia unazipika. Tulipofika chini karibu na lile kanisa dogo mateka wa Kiitaliano walijenga 1942 wakati wanachonga hiyo barabara, kulikuwa na lori limesimama kando, magurudumu ya nyuma yanafuka moshi, ile harufu ya breki iliyoungua inaingia mpaka ndani ya kabini yetu. Mzee hakusema kitu, alinionyesha tu na kidole.

Kuna madereva wanaweka nyutro kwenye mteremko ili waokoe dizeli. Ukiingia utingo utakutana nao na watakwambia ndio ujanja. Usikubali kufunzwa hiyo, na ukiona dereva wako anafanya hivyo kwa mteremko wa Salgaa, tafuta dereva mwingine hata kama huyo anakulipa vizuri. Juni 2023 pale Londiani junction trela iliacha barabara ikaingia kwa watu na magari stejini, zaidi ya watu 50 wakafa. Nilipita hapo wiki iliyofuata nikiwa na mzigo na sikuwasha redio mpaka mwisho wa safari.

Kwa hivyo utingo ni njia nzuri ya macho na masikio, unajifunza barabara, mizani ya Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye, makaratasi ya boda, vile ya kufunga turubai, vile ya kutoa maji kwa matangi ya upepo kila asubuhi. Lakini ina shimo lake. Hakuna mtu anadaiwa kukupa usukani, unaweza kukaa miaka mitatu unafunga kamba tu. Na akikupa kabla hujakuwa na daraja yake kwa laisensi, mkigonga mtu bima haitawajua na wewe ndiye utaenda ndani. Pia utafunzwa tabia ya huyo dereva, nzuri na mbaya. Sheria inasema dereva wa gari ya biashara asizidi masaa 8 kwa kila 24, na utawakuta wanaotoka Mombasa wakitafuna mogoka wasisinzie, wanalala Malaba. Chagua mtu kabla uchague gari.

Ile kampuni ya miaka mitatu usiikatae haraka. Rafiki yangu alipitia njia hiyo na kwa ukweli alifunzwa vizuri kuliko mimi, miezi mizima mkufunzi amekaa kando yake na gari ina mzigo, analipwa kidogo lakini analipwa. Shida iko kwa makaratasi. Beba hiyo kontrakti nyumbani ulale nayo, usisainie pale ofisini. Angalia ukitoka kabla ya miaka mitatu unadaiwa ngapi na kama deni linapungua kila mwezi ama linabaki lile lile. Angalia tairi ikipasuka ama mzigo ukipungua nani analipa. Na vyeti vyako original usiwaachie hata wakisema ni utaratibu, wape kopi. Kama gari zao zote ni otomatiki, tafuta pia siku za gia za mkono mahali pengine, juu malori mengi utakayopewa mbeleni ni ya mkono yenye renji ya chini na ya juu.

Mimi ningekuwa wewe na elfu 80, ningefanya hivi. Siku hizi haupewi trela kwa mpigo, NTSA, wale wa usalama barabarani wanaotoa laisensi, wamepanga ngazi, unatoka B unaenda lori dogo na la kati, CE ya trela inakuja baadaye ukiwa na umri na miaka yake. Hiyo isikuvunje moyo, inakupa muda wa kuiva. Lipia daraja inayofuata tu saa hii, si zote. Tafuta shule, na kabla utoe shilingi enda asubuhi ya siku ya kazi bila kuwaambia unakuja. Omba kuona lori lenyewe. Uliza mwanafunzi aliyeko ndani, si karani, wiki hii ameshika usukani mara ngapi na dakika ngapi. Uliza kama wanaweka uzito wowote hata kama ni mchanga. Uliza instrakta aliendesha nini kabla ya kufunza, akikwambia amekuwa instrakta tangu mwanzo, shukuru uondoke. Na kama wanasema wanafunza trela, waambie wakuonyeshe trela.

Ukishapata hiyo daraja ndio utafute utingo, na ukitafuta sema wazi una laisensi ya lori na unataka kufunzwa. Utaheshimiwa tofauti na mtu amekuja kufunga kamba. Zile yadi za Mlolongo, Syokimau na karibu na ICD Embakasi, ile bandari kavu ya kontena, kuna kazi ya kusogeza magari ndani ya yadi tu, mshahara wake mdogo na watu wengi wanaidharau, lakini huko unaweza kurudisha trela mara 30 kwa siku. Mwaka mmoja wa hiyo na hakuna interviu ya kurivasi itakutisha.

Pesa itakayobaki toa cheti cha tabia njema, pasipoti, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, juu nafasi ya safari ya nje hutokea jioni na gari inaondoka asubuhi, anayechukuliwa ni mwenye karatasi tayari. Nunua pia tochi nzuri ya kichwa.

Na hiyo Probox usiiache bado. Lipia masomo ya Jumamosi na Jumapili, na siku ukiwa unatoka hapo kwa mikate muombe mwenye kazi akuandikie barua kwamba umeendesha miaka minne bila kugonga, na aweke muhuri.