Sababu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani
Wapo wanaodai kwamba majimbo ya Kusini yalijitenga na Marekani, hatua iliyozua vita hivyo, kwa ajili ya "haki za majimbo" (kila jimbo kujiamulia mambo yake bila kuingiliwa na serikali kuu) au ushuru wa forodha. Hapana, yalijitenga kuulinda utumwa, na yenyewe yaliandika hivyo. Tamko la kujitenga la jimbo la Mississippi la Januari 1861 linasema wazi kwamba msimamo wake umefungamana kabisa na utumwa, ilhali South Carolina, Desemba 1860, ililalamika kwamba majimbo ya Kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Yaani, ajabu kweli, ilichukizwa na wenzake kutumia haki hizo hizo. Hata hivyo, Kaskazini nayo haikuwa safi: tangazo la Rais Lincoln la 1863 la kuwaachia huru watumwa halikuyagusa majimbo yenye utumwa yaliyobaki upande wake, na katika mawili kati ya hayo, Kentucky na Delaware, utumwa uliendelea kisheria hadi Desemba 1865.